Namna ya kula Osaka kama mtu wa mtaani, hata kama husomi herufi hata moja

Wiki ya kwanza nilivyofika Osaka nilikula mkate na ndizi siku nne mfululizo. Sio kwamba hela ilikuwa hakuna, hela ilikuwepo, ila kila nikifika mlango wa mgahawa nakuta pazia limening'inia nusu mlango, maandishi siyaelewi, ndani sipaoni, nasikia tu watu wanapiga makelele, nageuka zangu narudi dukani kununua mkate. Leo nikikumbuka najicheka peke yangu, maana yale mapazia niliyokuwa nayakimbia ndo penye msosi mtamu na wa bei ya kawaida, na zile sehemu zenye menyu ya kiingereza na kijana kasimama nje anakuvuta mkono ndo wanakopigwa wageni. Sasa nimeona nyie mnaokuja, wanafunzi, wa semina za wiki mbili, mabaharia mnaoshuka Osaka ama Kobe, niwape njia, msije kula mkate kama mimi.

Kitu cha kwanza kabisa na kama utasahau vingine vyote kumbuka hiki: kila mgahawa huku una utaratibu wake wa kuagiza na kulipa, na ukishajua uko kwenye utaratibu upi kazi imeisha, kula ni kula tu. Nyumbani ukienda kwa mama ntilie unauliza "mama leo kuna nini", unatajiwa, unakaa, unaletewa. Huku hilo swali la kuna nini linajibiwa na mashine, au kabati la vioo pale nje, au tableti mezani, au karatasi zimebandikwa ukutani. Kwa hiyo usiingie mbio mbio. Simama nje dakika moja kama mtu anayesubiri rafiki, angalia wenzako wanafanyaje, wanaanza kulipa au wanakaa kwanza, wanachukua trei au wanaletewa, afu ndo uingie.

Lile pazia linaitwa noren. Likiwa limetundikwa nje maana yake wako wazi, wakilitoa wakaliingiza ndani ndo wamefunga, hata kama taa inawaka na unawaona wamo. Kuna na vibao, 営業中 ni tunafanya kazi, 準備中 ni bado tunaandaa, usivute mlango. Na jua muda wao, maana migahawa midogo mingi inafungua saa tano au tano na nusu mchana, saa nane wanafunga wanapumzika, wanarudi saa kumi na moja jioni. Ukitoka na njaa yako saa tisa alasiri utazunguka mpaka ukome, saa hizo ni migahawa ya kampuni kubwa zenye matawi kila mahali tu ndo itakuokoa.

Sehemu nyingi za zamani zina kabati la kioo mlangoni lenye vyakula vya plastiki, vimetengenezwa hadi bia ina povu, tambi zimening'inia kwenye vijiti hewani. Usidharau ile kitu, ile ndo menyu yako. Piga picha na simu, ingia, onyesha, sema "kore kudasai", yaani naomba hii. Wala hakuna atakayekushangaa, wajapani wenyewe wanafanya hivyo hivyo.

Na hapa niwape moyo. Sisi waswahili tuna bahati ambayo mzungu hana. Irabu zao ni a i u e o zile zile zetu, na silabi zao karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukisoma neno la kijapani kama unasoma kiswahili wanakuelewa hapo hapo. Jifunze haya tu: "sumimasen" kumwita mhudumu (nayo ni samahani pia, na asante kidogo, ni neno la kila kitu), "hitori desu" niko peke yangu, "futari desu" tuko wawili, "okaikei onegai shimasu" naomba bili, na "gochisosama deshita" unaposhukuru unaondoka. Usiogope kupaza sauti na sumimasen. Huku mhudumu hakusogelei kukuuliza uliza kama kwetu, anasubiri umwite, na ukikaa kimya kwa adabu utakaa na njaa yako kwa adabu.

Ila sasa jiandae kucheka, maana kuna maneno yao yatakushika vibaya. Tangawizi ile ya siki wanayokula na sushi inaitwa gari. Saba ni samaki, jamaa wa vibua wetu, kwa hiyo usishangae mtu akiagiza saba akaletewa samaki mmoja. Na pweza, jamani, pweza anaitwa tako. Nilikaa na mwenzangu kutoka Tanga siku moja, mhudumu akaja akauliza kwa heshima zote kama tutapenda tako, yule mwenzangu alishindwa kula.

Haya, twende kwenye mashine. Migahawa ya rameni (tambi za supu), ya wali na nyama, ya tambi za kusimama stesheni, mingi ina mashine mlangoni ambayo unaweka hela, unabonyeza chakula, inatoa kitiketi, unakaa kaunta unampa mpishi. Vibonye vinaweza kuwa hamsini na havina picha. Hapa kuna siri: kibonye cha juu kabisa kushoto kwa kawaida ndo chakula kikuu cha hapo, kile wanachojulikana nacho, kwa hiyo ukichanganyikiwa bonyeza hicho. Na weka hela KWANZA, mashine nyingi za zamani vibonye haviwaki mpaka iwe imekula hela. Chenji ukiona haijashuka tafuta ka-mshikio kadogo pembeni ukazungushe.

Tembea na noti za buku, yeni 1000, na sarafu. Mashine nyingi hazili noti ya 10,000 wala hazijui kadi. Na kingine, mwezi wa saba 2024 Japani walitoa noti mpya, ya buku ina picha ya Kitasato Shibasaburo yule mwanasayansi wa bakteria, na mashine nyingi za migahawa midogo zilikuwa hazijabadilishwa. Mimi yalinikuta, naweka noti inatemwa, naweka inatemwa, nyuma yangu foleni ya watu wa maofisini wana nusu saa tu ya kula na hakuna anayesema kitu, ule ukimya wao unaua kuliko matusi. Mzee mmoja wa nyuma yangu akachomoa noti ya zamani kwenye pochi yake, akanipa, akachukua ile yangu mpya, akainamisha kichwa basi. Tangu siku hiyo natunza za zamani mbili tatu kwenye kava la simu.

Ukiwa huna hela au umechoka kufikiri, nenda kwenye wali wa nyama, gyudon. Ni bakuli la wali, juu nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi ikapikwa na kitunguu na soya yenye utamu. Yoshinoya ndo wakongwe, walianza 1899 Tokyo kwenye soko la samaki, kulisha watu wa sokoni wasio na muda, na mpaka leo ni hivyo hivyo, unakaa, dakika moja au mbili bakuli liko mbele yako. Kuna Matsuya na Sukiya pia. Bakuli la kawaida, nami, ni jero au inazidi kidogo, wali mwingi zaidi sema omori. Tangawizi nyekundu iliyo mezani ni ya bure, pakua unavyotaka. Watu wanapasulia yai bichi juu, mimi mwaka mzima nilikataa, sasa hivi siwezi kula bila yai, lakini sikulazimishi.

Udon ndo mapenzi yangu. Hizi ni tambi nene nyeupe za ngano, na Osaka wanajivunia mchuzi wake, dashi, ambao ni mwani mkavu wa kombu na samaki wa jamii ya jodari aliyefukizwa moshi na kukaushwa mpaka anakuwa mgumu kama gogo, wanamkwangua kwa randa kabisa, ya fundi seremala. Ladha yake mtu aliyekulia pwani haimtishi, mimi nilivyonusa mara ya kwanza nilikumbuka nyumba yetu siku za ng'onda. Agiza kitsune udon, inakuja na kipande kikubwa cha tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga iliyochemshwa ikawa tamu tamu. Kwenye zile za kujihudumia kama Marugame Seimen unashika trei, unasema unataka bakuli gani, unasogea na foleni, unachukua mwenyewe vitu vya kukaanga, kamba, biringanya, boga, unalipa mwisho kwa keshia. Majani ya vitunguu na vichenga vya unga wa kukaanga viko pembeni bure, jaza. Ukimaliza rudisha trei mwenyewe, kuna dirisha la kurudishia, ukiiacha mezani hawatakusema ila wewe mwenyewe utajisikia.

Na vuta tambi kwa sauti. Najua mama alikufundisha mtu hali kwa kelele, lakini tambi za moto ukizila kimya kimya zitakuunguza na utachelewa. Bakuli linyanyue mkononi ulisogeze mdomoni, sio wewe uiname kama unakunywa mtoni. Vijiti visisimikwe wima kwenye wali, hivyo ndo anavyopewa maiti, na msipokezane chakula kijiti kwa kijiti maana hivyo ndo wanavyookota mifupa baada ya kuchoma mwili. Hizo mbili ndo kubwa, mengine wanakusamehe mgeni. Na sushi unaruhusiwa kula kwa mkono, hiyo ni furaha yetu, shika vizuri, geuza upande wa samaki ndo uchovye kwenye soya, sio upande wa wali, wali ukinywa soya unasambaratika.

Tukiwa hapo hapo kwenye sushi, ile ya mkanda unaozunguka ilizaliwa huku huku. Mwaka 1958, Higashiosaka, bwana Shiraishi Yoshiaki aliona chupa za bia zinavyotembea kwenye mkanda kiwandani akasema kwa nini sushi isitembee hivyo, akafungua Genroku Sushi, na kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka 1970 ndo ikajulikana nchi nzima. Ila usitegemee sana kuona sahani zikizunguka siku hizi, mwanzoni mwa 2023 zilisambaa video za vijana wanalamba chupa za soya na kuchezea sahani za watu, ikawa kesi kubwa, tangu hapo sehemu nyingi unaagiza kwa tableti (ina kiingereza, bonyeza kale ka-dunia) na sahani inakuja mbio mpaka kwako peke yako. Mlangoni kuna mashine ya namba, chagua watu wangapi, kaunta au meza, subiri namba yako. Mezani kuna kibomba, bonyeza yatoke maji ya moto, ni ya chai, weka unga wa chai ya kijani kwenye kikombe afu ubonyeze. SIO YA KUNAWA. Maji ni ya moto kweli kweli. Ukienda na watoto wapeleke Kura Sushi, sahani tano ukizitumbukiza kwenye tundu la mezani unachezeshwa bahati nasibu, watoto watakula mpaka wasivyotaka ili tu sahani zifike tano. Majina ya kuanzia: maguro jodari, ebi kamba, ika ngisi, tamago yai, na tako tumeshaongea.

Sasa takoyaki. Hii ndo chakula cha Osaka chenyewe, vidonge vya mviringo vya unga na dashi, ndani kipande cha pweza, vinageuzwa kwa sindano kwenye chuma chenye mashimo, ukiangalia kwa mbali utasema vitumbua. Duka la Aizuya ndo linatajwa lilianzisha, mwaka 1935, na ya kwao mpaka leo haina sosi wala mayonezi, unakula hivyo hivyo. Pweza mwenyewe mwingi anayeliwa Japani anatoka Afrika, Mauritania na Morocco, kwa hiyo usijione umekuja mbali sana, pweza kakutangulia. Namna ya kula: usitie yote mdomoni. Nje inakuwa imepoa, ndani ni uji wa moto unaochemka, nimeona mtu mzima analia Dotonbori, mtaa wa misosi hapa Osaka. Toboa kwa kijiti, acha mvuke utoke, hesabu mpaka ishirini, ndo ule. Vile vinavyocheza cheza juu kama viko hai ni vipande vyembamba vya yule samaki mkavu wa dashi, joto linavinyanyua, sio wadudu, msipige kelele. Wale wa Forodhani na wa supu ya pweza Mombasa watauliza pweza mwenyewe yuko wapi, kipande ni kidogo kweli, hapa unalipia uji wake.

Kushikatsu ni mishikaki ya kukaanga, nyama, kitunguu, kamba, hata yai, imepakwa unga wa mkate, na makao yake makuu ni mtaa wa Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku. Daruma wako pale tangu 1929. Zamani kila meza ilikuwa na bakuli moja la sosi la kila mtu, na sheria ilikuwa imeandikwa ukutani kwa lugha zote, kuchovya ni mara MOJA, kabla hujauma. Ukitaka sosi zaidi chukua kipande cha kabichi (ya bure) utumie kama kijiko kuchotea. Tangu korona sehemu nyingi wameweka chupa za kumiminia, lakini bado utakuta zenye bakuli, na hapo ukichovya mara ya pili utasikia kelele za mpishi na za wateja pia. Sio utani, mimi nilishawahi kuinua mkono tu kujikuna nikapigiwa "dame!", kumbe mshikaki ulikuwa kwenye mkono huo huo.

Masoko. Kila mtu atakwambia Kuromon, karibu na stesheni ya Nippombashi, kanjia kamoja karefu kenye paa, samaki na matunda pande zote mbili, kanaitwa jiko la Osaka. Nenda uangalie, lakini shibe yako usiitegemee pale, imeshakuwa ya watalii, mshikaki wa ng'ombe wa Kobe unaweza kutajiwa maelfu ya yeni kwa vipande vinne na miguu ya kaa ndo usiulize. Kama una hamu nunua kitu kimoja, chaza wakubwa wale wa kuchomwa kwenye ganda na siagi na soya, kula pale pale mbele ya duka, mpe muuzaji taka zake. Hili la taka muhimu. Mitaani mapipa hakuna, na kutembea huku unakula sokoni hawapendi, soko la Nishiki la Kyoto wanaomba kabisa kwa vibao mtu asitembee akila. Unanunua, unasimama hapo hapo, unakula, unarudisha kijiti, unasogea.

Mimi nikitaka soko naenda Kizu, soko la jumla karibu na Daikokucho, asubuhi na mapema kabla jua halijakaa sawa. Pale wanakuja wapishi kununua na buti zao za mpira, na ndani kuna vijihoteli vya wafanyakazi wa soko, unakaa unaletewa samaki mbichi juu ya wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa) na chai, kwa bei ya kawaida. Ikifika saa nne tano asubuhi wengi washafunga, na Jumapili usijisumbue. Pitia na Tenjinbashisuji, huo ni mtaa wa maduka wenye paa kilomita mbili na nusu na ushee, mrefu kuliko yote Japani, sio soko la samaki ila ni chakula cha watu wa hapa mwanzo mpaka mwisho, kroketi za viazi unanunua kwa muuza nyama zikiwa moto, sarafu chache tu.

Ukifika Tokyo watu watakuchanganya kuhusu soko la samaki la Tsukiji. Mnada wa samaki ulihamia Toyosu Oktoba 2018, lakini maduka na vijihoteli vya nje ya soko la Tsukiji vimebaki pale pale, kwa hiyo ukitaka kula nenda Tsukiji, ukitaka kuangalia mnada wa jodari nenda Toyosu. Na kama safari itakupeleka kaskazini kabisa, Kushiro huko Hokkaido, soko la Washo wana mtindo naupenda sana: unanunua bakuli la wali kwanza, afu unatembea meza kwa meza unachagua mwenyewe vipande vya samaki uwekewe juu, hiki na hiki na kile. Wanaita kattedon, wali wa utakavyo. Ukimaliza kuzunguka una bakuli ambalo hakuna mwingine analo, na bili ambayo ni kosa lako mwenyewe.

Jioni sasa, izakaya. Hizi ni sehemu za kinywaji na vitafunwa vingi vidogo, lakini hata kama hunywi unaweza kwenda, agiza uroncha, chai ya oolong ya baridi, hakuna atakayekuuliza dini yako. Ila lazima uagize kinywaji, na hapa ndo wageni wanagombana. Ukikaa tu unaletewa kibakuli kidogo ambacho hujaagiza, mbogamboga au samaki kidogo, halafu kwenye bili unakuta umelipishwa yeni 300, 400, 500 kwa kichwa. Inaitwa otoshi, ndo kiingilio cha kukalia kiti. Mimi mara ya kwanza niligoma, nikasema sijaagiza, nikaonyesha na vidole, mama wa watu akainama akainama na bado hakuiondoa, nikatoka nimenuna na bili nimelipa. Alikuwa na haki yake, ndo desturi, ungejua kabla ungekula ule mchicha wake bila kinyongo. Hakuna tip nchi hii, chukulia ile ndo tip.

Bei ukutani nayo iangalie vizuri. 税込 kodi imo, 税抜 kodi bado. Na kodi yenyewe tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10 ukila pale pale na asilimia 8 ukibeba, ndo maana keshia wa dukani anakuuliza kama unakula hapa au unaondoka nacho.

Haya, waislamu wenzangu, hili najua mnalisubiri. Jifunzeni herufi nne kama mnavyojua namba ya simu ya nyumbani: 豚 nguruwe, 牛 ng'ombe, 鶏 kuku, 酒 pombe. Mkiona 豚骨 ni mifupa ya nguruwe, ndo ile supu nyeupe nzito ya rameni za Hakata, na hata rameni ya soya mara nyingi ina nyama ya nguruwe juu na wakati mwingine mafuta yake ndani. Okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, ya kawaida kabisa inakuja na nguruwe, agiza ya kamba au ngisi na uulize mafuta. Sentensi ya kuuliza: "butaniku haitte imasu ka", kuna nguruwe humu? Tatizo la pili ni mirin na sake, pombe za mchele za kupikia, ziko kwenye michuzi mingi, hata ya udon na ya gyudon, na hapo kila mtu na fatwa yake mimi siingilii, nasema tu zipo, usije kusema hukuambiwa. Nikitaka moyo utulie nakula samaki wa kuchoma kwa chumvi, shioyaki. Nenda sehemu za teishoku mchana, agiza "saba no shioyaki teishoku", unaletewa trei ya samaki, wali, supu ya miso na achari, ujanja ujanja ndani yake ni mdogo, na mara nyingi wali unaongezewa bure. Ukamulie ndimu, ule na figiri iliyokunwa pembeni, utaapa uko Feri, soko la samaki la Dar. Na nyama ya kuchinjwa ukiitamani kabisa panda treni nusu saa kwenda Kobe, msikiti wa pale ndo wa kwanza Japani, ulifunguliwa 1935 (mwaka ule ule wa takoyaki, angalia mambo), na maduka ya halali na migahawa ya wapakistani na wahindi imeuzunguka.

Siku ambazo hela imekata kabisa, mwisho wa mwezi, usiende mgahawa. Nenda supamaketi saa moja na nusu, saa mbili usiku, upande wa vyakula vilivyopikwa. Atatokea mfanyakazi na bunda la stika. Kwanza anabandika punguzo la asilimia 20, akirudi 30, na mwisho stika yenye 半額, nusu bei. Utaona vibibi wanazunguka zunguka kama hawana habari, wanaangalia maziwa, kumbe macho yote kwenye ile stika. Usimkimbilie mtu na sahani mkononi ukamwambia abandike, hiyo ni aibu, subiri abandike mwenyewe afu ndo unyooshe mkono. Sushi sahani nzima kwa bei ya soda mbili nimekula hivyo mara nyingi kuliko nilivyokula migahawani, na kwenye vikao vya simu na nyumbani nasema nakula sushi kila wiki, wananiona tajiri.

Kulipa ukiwa umekaa: bili ikishawekwa mezani, ichukue upeleke kwa keshia mlangoni, usisubiri mtu. Hela weka kwenye kile kisahani kidogo, usimpe mkononi. Chenji ihesabu ukitaka, ila watakuhesabia wao mbele yako noti moja moja. Ukiacha sarafu mezani kama bakshishi wanakukimbiza barabarani kukurudishia, mimi nimekimbizwa na binti mwenye aproni kwa ajili ya yeni 30, mataa mawili.

Na ukitoka geuka useme "gochisosama deshita", kwa sauti, wasikie mpaka jikoni. Pale mtaani kwangu kuna kaunta ya viti saba tu, anapika bibi mmoja peke yake, miezi mitatu ya kwanza hakuwahi kuniambia kitu zaidi ya bei. Siku nilipoanza kulitamka lile neno vizuri, na mkazo wa kiosaka, alifungua droo akanipa pipi mbili, vibibi wa Osaka wanatembea na pipi. Sasa kila nikienda napewa. Moja yangu, nyingine anasema mpelekee mama yako Afrika, nami nazitunza kwenye kopo, zimeshafika nusu.